Kifaranga Kilicholiwa

Nianze na lile mnaloogopa kuniuliza, ninyi vijana wa upelelezi, mnapokuja kunisalimia na soda zenu. Ndiyo, nilikuwa naona. Si maneno ya walevi wa Kharumwa, na sikuacha kuona eti kwa sababu mkuu fulani aliniandikia barua. Nimefanya kazi ya upelelezi tangu nikiwa konstebo mwenye sketi iliyopigwa pasi mpaka nikastaafu sajenti mwenye magoti mabovu, karibu miaka yote hiyo nikiwa Shinyanga na upande wa Geita. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, namsubiri, akimaliza tuendelee.

Kuona kwangu hakukuwa sinema. Nilikuwa nakaa mahali mtu alipouawa, naweka mkono wa kushoto juu ya kitu alichokishika kila siku, kigoda, kinu, fimbo ya kuchungia. Mkono unapoa kuanzia vidoleni. Halafu kinapita kitu: harufu, sauti, upindo wa shati, hofu ambayo si yangu. Dakika moja au mbili, basi. Baada ya hapo nashikwa na njaa na nataka chai yenye sukari, na ninyi hamjui sukari ilivyokuwa ikitafutwa miaka ile.

Bibi yangu mzaa mama, Ng'wana Ndaki, alikuwa mfumu wa kuku, yaani mpiga ramli. Mwenye shida analeta kifaranga kilicholala chini ya paa lake mwenyewe, anakitemea mate mdomoni ili pumzi yake iingie humo, anakieleza yanayomsibu. Kisha mfumu anakipasua kwa mgongoni, anafungua mbawa, anasoma. Mimi nilikuwa nashika vifaranga vya watu tangu nina miaka saba. Bibi akasema nina mkono. Nikamwambia mimi nataka kusoma kwa masista. Nikaenda kwa masista, na mkono nao ukaja, ukakaa dawati moja na mimi.

Kazini nilimkuta Koplo Athumani, mtu wa Pangani, aliyeletwa bara kwa miezi sita akakaa mpaka tukamzika huku. Hakuamini kuona kwangu na wala hakukupinga. Alikuwa na sentensi moja tu juu ya jambo hilo: "Binti, ukiona moshi usiandike moto. Nenda kashike majivu." Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba ukifika kwenye msiba usisimame mlangoni, maana unawazibia wenzako mwanga. Kwamba unyayo unafunikwa kwa sufuria kabla ya kumsalimia mtu yeyote. Kwamba kwa Msukuma ulizia kwanza ng'ombe, halafu mvua, halafu ndiyo marehemu, na kikongwe akikupa kigoda ukae, hata kama kina majivu na sare yako imetoka kufuliwa.

Nilimsikiliza nusu nusu, ujana ni maradhi. Mwaka wangu wa tatu kazini aliuawa mchungaji mmoja upande wa Mwadui. Nikashika fimbo yake, nikaona mguu unaburutwa kwenye vumbi. Nikakimbia kituoni kama mtu aliyebeba habari za harusi. Kijiji kile kilikuwa na kiwete mmoja, Mzee Luhende, msuka vikapu. Kabla ya saa sita mchana alikuwa mahabusu, na kabla ya alasiri hakuwa na meno mawili ya mbele. Siku ya tatu tukagundua kwamba mguu ule ulikuwa wa marehemu mwenyewe. Alipigwa kwanza gotini, akajiburuta mpaka kichakani.

Nilikuwa nimeona kweli, vijana wangu. Nilichokosea ni kudhani kwamba najua nimeona nini. Nilimpelekea Mzee Luhende mbuzi wa kumwomba radhi. Akampokea, akamtazama mbuzi, akanitazama mimi, akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mwanangu. Nitamtafuna kwa upande mmoja." Aibu ile ninayo mpaka leo, na siombi iondoke. Tangu hapo nikajiwekea sheria kwamba ninachokiona hakitoki mdomoni mwangu mpaka nimepata kitu cha kushika.

Sasa niwaambie habari za Mama Makoye, maana ndizo zilizonifanya niwe hivi nilivyo.

Ilikuwa kiangazi, baada ya vita vya Kagera. Sabuni hakuna, dizeli hakuna, na Land Rover yetu ilikuwa imewekwa juu ya mawe, magurudumu yake yamekwenda kulitumikia taifa kwenye gari jingine. Tulipeleleza kwa baiskeli. Katika vijiji vilivyo kati ya Kharumwa na Bulyanhulu waliuawa vikongwe watatu kiangazi hichohicho. Wote wajane, wote macho mekundu kwa moshi wa samadi, kwa kuwa kuni zilikuwa zimekwisha maporini na watu wakipikia mavi ya ng'ombe. Na mnajua macho mekundu ya kikongwe walivyokuwa wakiyasoma watu, kwamba ni mchawi. Wote walikatwa panga mchana kweupe, siku ya kuuza pamba, kijiji kizima kikiwa kwenye mizani. Mlango haukuvunjwa na hakikuibwa hata kijiko.

Mama Makoye alikuwa wa tatu. Mwanawe, Makoye, alikuwa amefiwa na watoto wawili kwa homa mwaka huohuo, akagombana na mama yake mbele za watu, akaenda kwa mganga. Yeye ndiye aliyeikuta maiti, na hakulia. Mkuu wangu wa upelelezi akaona kesi imekwisha. Jina la mkuu huyo nalihifadhi, si kwa heshima yake, ila watoto wake ni watu wema.

Aliniita ofisini. Makoye alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameikunja, uso umevimba upande.

"Afande Milembe, tia sahihi hapa kama shahidi. Amekiri mbele yako."

"Hakukiri mbele yangu, mkuu. Mimi nimeingia sasa hivi."

"Amekiri mbele yangu. Kuna tofauti gani?"

"Amekiri kwa lugha gani?"

"Kiswahili! Lugha ya taifa!"

Nikachuchumaa mbele ya Makoye. "Makoye, ni wewe uliyejenga reli ya kwenda Mwanza?"

"Ndiyo, afande."

"Ulikuwa na umri gani?"

"Ndiyo, afande."

Karani aliyekuwa kwenye taipu akainamisha kichwa akajifanya anatafuta utepe. Hili ndilo somo la kwanza nililotaka mlipate. Mtu wa shamba wa wakati ule, mbele ya meza ya serikali, kwa lugha asiyoiota usiku, "ndiyo" kwake ni adabu. Hakubali kitu, anakuheshimu tu. Watu wamenyongwa kwa adabu hiyo. Nikamsalimia kwa Kisukuma, nikamuuliza kwa Kisukuma ni nani aliyemuua mama yake. Hapo ndipo akalia, tena kilio cha mtu mzima kisichojua pa kutokea.

"Sijui, mayu," akasema, yaani mama. "Nilikatazwa kusema Kisukuma."

Mkuu akanisogezea kalamu. Nikairudisha mezani. Akasema nitapelekwa mpakani nikahesabu kunguru. Nikamwambia kunguru nawapenda. Akasema ananipa siku saba, zikipita jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka, na sahihi ataipata kwa mwingine. Sikuwa jasiri, msinipambe. Niliogopa sana. Lakini sikutia sahihi, na mpaka leo nikikumbuka ile kalamu navimba kichwa.

Tukapanda baiskeli, mimi na Mzee Athumani, tukaenda nyumbani kwa Mama Makoye. Yeye akashika upande wake, mimi wangu. Wakati anapekua meko, nikakaa kwenye kigoda cha marehemu nikaweka mkono juu ya kinu chake. Ukapoa haraka. Nikasikia kutwanga, watu wengi, tu-tu-tu bila kupumzika. Nikaona kidole cha mwanamume kimefungwa kitambaa. Halafu kikaja kitu ambacho sikukitegemea, na kilinitisha kuliko damu yoyote niliyowahi kuiona. Ilikuja furaha. Mama Makoye alikufa amefurahi.

Nikamwambia Mzee Athumani. Akakuna kidevu. "Hiyo furaha iweke pembeni kwanza, haikamatwi na pingu. Hiyo ya kutwanga tuitafute."

Tukazunguka siku mbili nzima kila ua unaotwangwa mtama, tukinywa togwa la watu na kuangalia vidole vya wanaume. Siku mbili kati ya saba! Mimi ndiye niliyemburuza. Jioni ya pili, tumekaa chini tunaziba pancha, nikawa napiga kwa vidole kwenye kisanduku cha vifaa ile sauti niliyoisikia. Mzee Athumani akasimamisha pampu.

"Ndivyo ilivyolia?"

"Ndivyo."

"Binti, mtama ukitwangwa mchi unazama. Huu wako unaruka. Hicho ni chuma kwenye jiwe."

Nilitamani ardhi inimeze. Nimezaliwa na kukulia hukuhuku, na mtu wa pwani ndiye ananifundisha sauti za nyumbani kwetu. Chuma kwenye jiwe ni wachimbaji wadogo wa dhahabu, wanaoponda mawe kwenye vinu vya chuma kabla ya kwenda kuyaosha.

Lakini kabla hatujaenda kwa wachimbaji, akafungua karatasi ya mfuko wa simenti aliyoibeba tangu kwa Mama Makoye. Alikuwa amechekecha majivu ya meko kwa chujio la chai. Humo mlikuwa na mifupa midogo midogo, imeungua kidogo.

"Nilitaka kuandika chakula," akasema. "Kifaranga cha kuchoma. Halafu nikajiuliza, kikongwe anachoma kifaranga cha wiki tatu? Anashiba nini?"

Niligeuza mifupa ile kwa kijiti. Uti wa mgongo ulikuwa umepasuliwa katikati kwa kisu kimoja, moja kwa moja, na mbawa zimekunjuliwa mpaka viungo vimeachia. Mpishi hapasui hivyo. Vile ndivyo anavyopasua mfumu. Nilikuwa nimeona mkato ule mara nyingi kuliko nilivyoona ubao wa shule.

Kesho yake tukarudi kwenye nyumba za wale marehemu wawili wa kwanza. Jirani mmoja akasema, "Tulishangaa kweli, bibi hakuwa na kuku hata mmoja, tukafagia mifupa ya kifaranga." Nyumba ya pili ilikuwa hivyohivyo.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mnapoambiwa kwamba nilikuwa mchawi, na hapa ndipo nilipokuwa mpelelezi kuliko siku zote. Kwa bibi yangu kifaranga cha ramli hakiliwi. Kina pumzi ya mtu ndani yake. Mimi niliwahi kulamba kidole tu, nikachapwa mpaka bibi mwenyewe akachoka. Mfumu wa kweli pia haji na kifaranga chake, maana kifaranga lazima kiwe cha nyumba ile. Kwa hiyo nikamwandikia Mzee Athumani, nyuma ya fomu, mtu tunayemtafuta. Amefundishwa kupasua na amepasua vizuri, mkono wake hautetemeki. Alifukuzwa kabla hajaapishwa, na huenda alifukuzwa kwa sababu ya tumbo lake. Haamini chochote. Ana adabu, anaongea taratibu, vikongwe wanampenda. Anaishi karibu na vinu vya wachimbaji. Na haji kwao kama adui. Anakuja kuwasafisha.

Nilipoandika neno hilo ile furaha ikaeleweka. Kikongwe amesemwa miaka na miaka, wajukuu wamekatazwa kula kwake, kisimani wenzake wanamsubiri aondoke ndipo wachote. Anakuja kijana mtaratibu, anapiga goti, anasema, mayu, nimekuja kuuliza kuku ili watu wajue huna kosa. Nani hatafungua mlango? Anatema mate kwenye kifaranga kwa moyo wote. Kijana anampasulia, anamwonyesha mbawa, anamwambia wewe ni msafi. Halafu anamkata, halafu anaketi kukila kile kifaranga. Nililia palepale kando ya barabara, na Mzee Athumani akageukia upande wa pili akajaza upepo tairi ambalo lilikuwa limejaa tayari.

Siku ya tano nilivua sare, nikajifunga khanga mbili, nikaenda kuuza chai na viazi vitamu kwenye kambi ya wachimbaji karibu na Bulyanhulu. Ukitaka kujua habari za kambi usiulize, uza chai. Sikumaliza hata birika la kwanza.

"Mama chai," mmoja akaniambia, "chunga vifaranga vyako. Hapa tuna mfumu anayekula wagonjwa wake." Wakacheka wote. Mfumu huyo aliitwa Lubinza. Aliwaagulia wapi pa kuchimba, na akimaliza kuagua, kuku anaingia motoni.

Mchana Lubinza mwenyewe akaja kunywa chai. Alikuwa na miaka kama thelathini, shati safi, kidole kimefungwa kitambaa. Akanisalimia kwa heshima mpaka nikaona haya kwa niaba ya mama aliyemzaa. Nikamwambia nina bibi yangu kijiji cha jirani, mzee sana, anaitwa Holo, watu wanamsema vibaya na sisi wajukuu tumechoka.

"Mmechoka vipi?" akauliza.

"Tumechoka tu, kaka. Ungekuwa na bibi kama huyo ungeelewa."

Akanywa chai yake taratibu, akakung'uta kikombe. "Jumamosi ni siku ya pamba. Nendeni wote mkauze pamba. Msimwache hata mtoto nyumbani. Dume la ng'ombe mtalileta baadaye."

Akalipa, akaondoka. Nilimwambia Mzee Athumani, naye akatikisa kichwa. "Hayo bado ni moshi. Mahakamani atasema alikuonea huruma." Jumamosi ilikuwa siku ya saba.

Bibi Holo hakuwa bibi yangu. Alikuwa kikongwe ambaye kweli alikuwa ameanza kusemwa, na nilipokwenda kwake nilimweleza yote, kuanzia Mama Makoye mpaka dume. Msije mkamfanya mtu chambo bila kumwonyesha ndoano ilipo. Akanisikiliza huku anapepeta mchele.

"Mimi nimechoka kulala na panga chini ya mto," akasema. "Aje. Ila ninyi msisinzie."

Jumamosi asubuhi kijiji kikaenda kwenye mizani. Mimi nikajificha nyuma ya kihenge cha mtama, ndani ya nyumba hiyohiyo, hatua nne kutoka mekoni. Mzee Athumani akalala zizini kati ya ng'ombe. Jua lilipopanda vizuri tukasikia hodi.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, mwanangu. Karibu kigoda."

Alipiga goti kabla ya kukaa. Alisema yaleyale niliyojua atasema, kwa sauti ambayo hata mimi ningeifungulia mlango. Akatoa kifaranga ndani ya koti. Bibi Holo akakitemea mate. Lubinza akakipasua. Akafungua mbawa, akamsogezea usoni.

"Tazama mwenyewe, mayu. Nyeupe. Huna kosa lolote."

Na Bibi Holo, ambaye alijua kila kitu, ambaye nilimwambia kwa mdomo wangu kwamba huyu ni muuaji na ataongopa hivihivi, akatabasamu. Nilimwona kupitia ufa wa kihenge. Uso wake wote ulifunguka. Akasema, "Wabeja, mwanangu. Wabeja sana." Kwa nukta mbili tatu alikuwa amesahau, na alikuwa na furaha kweli. Nimeona mambo mengi kwa ule mkono wangu wa kushoto, lakini hilo nililiona kwa macho ya kawaida, na ndilo linaloniamsha.

"Inama nikupake dawa ya kichwani," Lubinza akasema, na mkono ukarudi ndani ya koti.

Nilitoka nikashika kile kiwiko kwa mikono miwili nikapiga kelele kumwita Mzee Athumani. Hakutokea. Baadaye ilijulikana kwamba fahali alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi na hakuona sababu ya kumpisha polisi. Lubinza alinisukuma ukutani, panga likatoka, likanipasua hapa begani, kovu mnaliona. Ndipo Bibi Holo alipoamka kutoka kwenye furaha yake. Akachukua mchi wa kinu akampiga nao gotini, mara mbili, kwa utulivu wa mtu anayeua nyoka. Lubinza akakaa chini. Mzee Athumani aliingia na samadi mpaka kwenye kofia, akamfunga pingu, akauliza, "Nimechelewa?"

Bibi Holo akamjibu, "Chai ipo."

Lubinza alisema yote, tena kwa Kisukuma, mbele ya mlinzi wa amani, yaani hakimu wa kupokea maungamo. Aliyempeleka kwa Mama Makoye alikuwa shemeji wa marehemu, aliyeitaka mbuga ya mpunga ya mama huyo. Makoye akaachiwa huru. Mkuu wangu alinipita tu kwenye veranda kwa siku kadhaa kama vile mimi ni nguzo.

Lakini kesi ilipofika Mahakama Kuu, akaniita. "Ukiulizwa ulijuaje, sema taarifa za raia wema. Ukitaja mambo yako ya mkono, wakili wake atatuchana." Nami nilikuwa nakwenda kuapa kwa Biblia.

Wakili wa Lubinza alikuwa kijana mwerevu, amekwisha kusikia maneno ya mitaani. Akasimama karibu yangu. "Sajenti, ni kweli uliota kwamba mteja wangu ni muuaji?"

"Hapana. Nilikuwa macho. Niliona."

Ukumbi ukacheka. Mkuu wangu akafumba macho.

"Uliona! Kwa hiyo mahakama hii tukufu imnyonge mtu kwa maono yako?"

"Mahakama isitumie maono yangu," nikasema. "Hayo ni yangu, nimeyasema kwa kuwa nimeapa. Mahakama itumie panga lake, na mifupa ile mezani, na bega langu, na Bibi Holo aliyekaa pale nje tangu asubuhi anasubiri kuitwa. Ana hamu sana ya kuitwa."

Lubinza alipatikana na hatia. Mimi nilipata barua ya karipio kwa kukifedhehesha kikosi mbele ya umma, na cheo changu kikakaa palepale miaka mingine mingi. Barua ninayo ndani. Ndiyo karatasi pekee ya serikali inayokiri kwamba nilikuwa naona, na ningepewa tena nafasi ya kuipata ningesema maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi.

Siku chache baada ya hukumu Makoye alikuja kwangu. Alikuwa amekonda, lakini amenyoa, amevaa shati la kanisani. Nilidhani amekuja kushukuru. Nikamtolea kiti. Hakukaa. Alifungua kitenge alichokuwa amebeba kifuani, akatoa jembe la mama yake, mpini umelainika kwa mikono ya miaka yote ile, akaliweka mezani mbele yangu.

"Afande Milembe," akasema, "ulimwona muuaji kwa mkono wako. Sasa niangalizie. Kile kifaranga kililiwa, hakuna anayeweza kukisoma. Wanangu wawili wamekufa. Mama alikuwa mchawi au hakuwa?"

Niliutazama ule mpini. Nawaambia ukweli, mkono ulianza kupoa kabla sijaugusa. Ulikuwa hapo, tayari, unaomba. Na yule mtu alikuwa amesimama mbele yangu ana njaa ya neno moja tu, na neno hilo ningeweza kumpa hata kwa kuongopa. Nikaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo, kama mtoto anayeficha kitu.

"Siangalii, Makoye."

"Kwa nini? Unaogopa utakachokiona?"

"Kwa sababu swali hilo ndilo lililomuua mama yako. Liliulizwa na shemeji yake, likaulizwa na kijiji, ukaliuliza na wewe kwa mganga wako. Lubinza alibeba tu panga. Mimi siliulizi."

"Wewe ni polisi. Kazi yako ni kujua."

"Kazi yangu ilikuwa kumjua aliyemuua, nimemaliza. Jembe hili lilikulimia ukakua mpaka ukawa na shati la kanisani. Lirudishe nyumbani, ukalimie."

Nilitamani aniangushie hata tusi. Alilikunja jembe ndani ya kitenge, akatoka, akapanda baiskeli yake, hakuniaga. Tulikutana mara nyingi baadaye gulioni Kharumwa, kwa miaka, mpaka nilipostaafu. Hakunisalimia hata siku moja. Mimi nilimsalimia kila mara.